Tanzia ya Mtani Aliye Hai

Igogo, Mwanza
7 Machi 1993

Shangazi yangu Dorotea,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana barua yako ya Krismasi naijibu leo, na najua ungekuwa karibu ungenivuta sikio mbele ya mke wangu. Huku hatujambo. Odeta ana mimba ya miezi minne na ameichukia harufu ya samaki, jambo ambalo kwa mkazi wa Igogo ni adhabu ya asubuhi na jioni. Kaka yako Mzee Machibya yuko Buswelu, mzima kabisa, anagombana na jirani juu ya ng'ombe walioingia kwenye viazi. Kila mmoja anaapa kwamba ng'ombe ni wa mwenzake. Mdogo wangu Ng'washi anaendelea na ualimu pale Butimba na ameshaanza kunisahihisha ninavyoshika kijiko.

Sasa habari yangu. Lile gazeti nililokudokezea limesimama. Linaitwa Gati, linatoka kila Jumamosi, kurasa nane. Mwenye gazeti ni Bwana Shiraz Alkarim wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alimuuzia majembe babu yangu, na anazungumza Kisukuma kunishinda. Mtambo wake ulikuwa ukichapa kadi za harusi. Sasa unachapa habari, na ndoa zinasubiri. Mimi ni mhariri msaidizi. Mhariri mkuu ni yeye mwenyewe, naye huhariri akiwa dukani, kati ya mteja wa misumari na mteja wa saruji.

Nakutumia toleo moja pamoja na sangara mkavu, kwa mkono wa Venant, yule mhudumu wa treni. Fungua ukurasa wa tatu. Huyo mwenye picha ni Bwana Pazi, mhandisi wa maji wa hapa mjini, Mzaramo wa Maneromango, nami Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu halali. Tangu ahamie Mwanza hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu. Mimi humuuliza kama leo amepanda mnazi au amekaa tu chini akingoja nazi imhurumie. Yeye huniuliza ng'ombe wetu wamefaulu kwenda darasa la ngapi. Basi, maji hayajatoka Igogo mwezi wa pili sasa. Ziwa tunaliona dirishani, bomba linakohoa tu. Nikamwandikia tanzia, na mstari mweusi kuzunguka picha:

"Jamaa na marafiki wanasikitika kutangaza kifo cha Bwana Pazi kilichotokea ghafla hapa Mwanza. Marehemu amekufa kwa kiu akiwa jirani wa Ziwa Viktoria. Mazishi yamecheleweshwa kwa kukosekana maji ya kumwoshea."

Shangazi, mji ulicheka! Wachuuzi walirudi kuomba nakala zaidi. Pazi mwenyewe alikuja ofisini na kundi la watu nyuma yake, akajilaza juu ya meza yangu, akadai sanda na ubani. Nikamnunulia soda. Akainywa hapohapo akiwa amelala, akasema marehemu ameshukuru.

Habari yenyewe ya maji sikuiandika, lakini hilo ni jambo refu na karatasi inaisha. Wasalimie wote wa Magomeni.

Mwanao,
Nkwabi


Magomeni, Dar es Salaam
2 Aprili 1993

Baba yangu Nkwabi,

Marahaba zote mbili, ile ya leo na ile ya akiba. Nakuita baba kwa heshima ya jina ulilorithi, lakini ukiendelea kuchelewesha barua nitakutafutia jina jingine, na halitakuwa la ukoo. Mimi sijambo isipokuwa goti. Tangu nistaafu kule gazetini nimegundua kwamba miaka yote ile goti lilikuwa linasubiri nipate nafasi. Sangara alifika salama. Majirani walimla kwa pua kabla sijafungua kifurushi, kwa hiyo ikabidi wamle na kwa mdomo. Mwambie Odeta asijali, mimi nilipokuwa na mimba nilichukia harufu ya mume wangu, na yeye hakuwa na pa kwenda.

Tanzia nimeisoma. Nilicheka hadi goti likalalamika. Nikaisoma tena kwa macho ya kazi, na mara ya pili sikucheka sana, ndiyo maana nina maswali mawili.

La kwanza. Utani una masikio yake. Mtu akitaniwa barazani, waliopo wanaona uso wa anayetania, wanajua ni mchezo. Gazeti halina uso. Umefikiria itakuwaje likifika mbele ya mtu asiyewajua ninyi wawili?

La pili. Wewe ni mwandishi wa habari. Mji mzima umekaa miezi miwili bila maji, na wewe umejaza nafasi hiyo kwa msiba wa kuchekesha. Kwa nini hukuandika habari? Usinijibu kwamba karatasi iliisha. Karatasi hainunuliwi kwa shida hivyo huko Mwanza.

Mjini hapa mazungumzo ni yale yale. Magazeti yamekuwa mengi, kila asubuhi jina jipya, na wakubwa wanasema waandishi tumekosa adabu, itungwe sheria ya kutusimamia. Sisi tunasema tutajisimamia wenyewe. Tumekutana tukabishana hadi chai ikapoa. Nimeitwa kwenye kikao kimoja hivi, kikikomaa nitakueleza.

Mpe kaka yangu salamu, na umwambie ng'ombe ni wake.

Shangazi yako,
Dorotea


Igogo, Mwanza
9 Mei 1993

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Mama mkwe anasema ulipake samli ya moto kila unapolala, lakini kumbuka yeye huagiza samli kwa kila kitu, hata redio ikikwaruza. Odeta ameanza kula samaki tena, sasa amechukia wageni. Mzee Machibya alienda kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kesi ya viazi, ikabainika kwamba ng'ombe ni wa mtu wa tatu kabisa. Basi yeye na jirani wameungana kumchukia huyo wa tatu, na sijawahi kuona urafiki mzuri kama wao. Pamba mwaka huu si haba. Ng'washi amepata mchumba, mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayekubali kila kitu. Nadhani hajui alipoingia.

Swali lako la kwanza limejijibu lenyewe, na vibaya. Kumbe lile toleo lilifungiwa dagaa sokoni hapa, dagaa wakapanda treni, wakashuka Dar, wakafika Maneromango. Binamu yake Pazi akafungua kifurushi akaona picha na mstari mweusi. Akasoma kifo. Hakusoma kiu, au aliisoma akaona ni ugonjwa. Mama yake Pazi, Bi Mwanaidi, akaketi chini. Matanga yakakaa siku tatu. Wakajaribu kupiga simu Mwanza, simu ikawa ile unayoijua. Mwishowe wakapeleka telegramu kuuliza maiti inakuja kwa usafiri gani, na ikamfikia maiti mwenyewe akiwa ofisini. Akajibu kwa telegramu: NI MZIMA NI UTANI TU.

Nilipoambiwa nilicheka, Shangazi, halafu sikula.

Sasa wiki hii imekuja barua kutoka huko kwenu, yenye muhuri mpya unaong'aa: Kamati ya Muda ya Waandishi. Mwalimu wa kijiji alisikia redioni kwamba kuna kamati inayopokea malalamiko juu ya magazeti, akamsaidia Bi Mwanaidi kuiandikia barua. Tunaitwa kujieleza mwezi wa saba. Nilimpelekea Bwana Shiraz dukani. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Nkwabi, hawa ni nani?"

"Ni waandishi wenzetu, bosi."

"Serikali ikinitaka, ina polisi. Hawa wana nini? Muhuri?" Akaiweka chini ya kopo la rangi. "Usijibu. Ukijibu watauliza habari ya maji, na wakiuliza maji watauliza mabomba, na mabomba ni mambo ya dukani."

Wewe unawajua watu wote wa kalamu huko. Waliomo kwenye kamati hiyo ni akina nani? Ni watu wa kuongea nao?

Kuhusu swali lako la pili, Odeta ananiita tule.

Nkwabi


Magomeni
30 Mei 1993

Nkwabi,

Marahaba. Samli nimeipokea kwa moyo, nikaila na ugali. Goti linaendelea. Hongera kwa Ng'washi. Huyo mwalimu mpole mwachie, watu wapole wakikasirika ndipo hesabu zinapotoka. Nimefurahi kuhusu urafiki wa kaka yangu na jirani.

Umeuliza waliomo kwenye kamati. Tuko saba. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Hicho ndicho kikao nilichokuwa nasubiri kikomae. Siku malalamiko ya Bi Mwanaidi yaliposomwa, nilisikia jina la gazeti, nikasikia jina lako, nikasimama nikasema, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Shauri hili sitalisikiliza, sitalipigia kura, na wenzangu hawataniambia lolote. Ukija Dar usifikie kwangu. Fikia kwa binamu yetu Mzee Chenge, Temeke. Najua nyumba yake ina kunguni. Ndivyo ilivyo.

Na sangara wa mwezi huu nimemrudisha kwa Venant. Mwenyekiti wetu alicheka, akasema samaki si rushwa. Nikamwambia bahasha zote huanza kama samaki. Mwandishi hupewa kitoweo, anashukuru, kesho anapewa nauli, keshokutwa anaandikiwa habari yenyewe na kuwekewa pale pa kutia jina. Wewe hukumtuma kwa nia hiyo, najua. Lakini Bi Mwanaidi hajui, naye ana haki ya kuona meza yangu haina samaki wako.

Mwambie bosi wako kwamba ni kweli, tuna muhuri tu. Lakini wapo wanaotungoja tushindwe, waseme, "Mnaona? Hawajiwezi, leteni sheria." Hii ndiyo kesi yetu ya kwanza. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, nanyi Mwanza hata maji hamna.

Maneno ya Bi Mwanaidi unayo, nakala mmepewa. Mimi nimebaki na sentensi yake moja kichwani: "Mtani huja msibani na miguu yake, anachimba kaburi, anapika, ndipo anatania. Huyu amekuja kwenye karatasi ya dagaa." Mzaramo yule anajua utani kuliko wewe.

Swali langu la pili nalifuta. Nililiuliza nikiwa shangazi tu. Sasa siwezi kulisikia jibu lake. Ukilijibu, uwajibu wao.

Mtoto akizaliwa nijulishe. Hilo halimo kwenye shauri.

Dorotea


Igogo
20 Juni 1993

Kwa Mheshimiwa Mjumbe Aliyetoka Nje,

Shikamoo Shangazi. Sangara amerudi. Samaki yule amesafiri kuliko Mzee Machibya maisha yake yote, na amerudi akiwa na harufu ya mtu aliyeona mengi. Odeta alisema ama atoke yeye ama atoke samaki. Paka wa Bwana Shiraz amefaidi.

Nyumbani kote ni salama. Odeta amevimba miguu lakini anacheka. Mchumba wa Ng'washi alikuja Buswelu kujitambulisha, Mzee akampima kwa kumuuliza bei ya ng'ombe sokoni, yule kijana akajibu kwa kuzidisha na kugawanya. Amekubaliwa.

Nimeamua kuja. Nilimwambia Bwana Shiraz dukani, mbele ya wateja, ili nisirudi nyuma. Hakupiga kelele. Alisema, "Ukipanda treni, acha funguo za ofisi kwa karani." Simchukii, Shangazi. Gazeti halijawahi kujilisha hata wiki moja. Linalishwa na duka, na duka linalishwa na wale wanaonunua kwa wingi. Huwa ananiambia, "Mimi sikukuzuia kuandika. Nilikuzuia kunichoma na kiberiti nilichonunua mwenyewe." Huwezi kumwambia ni mwongo.

Nitakuja, nitamwomba radhi Bi Mwanaidi, nitakubali kosa. Lakini najua wataniuliza lile lile uliloniuliza wewe, kwa nini nilizika mtu badala ya kuandika habari, na hapo nitanyamaza. Sikuambii hili kama utetezi, nakuambia ili usidhani ni kiburi. Kuna mtu alinieleza habari ya maji kwa kuniamini. Yaliyoharibika anayajua yeye na wakubwa wake tu, kwa hiyo nikisema hata nusu watajua nani alisema. Atafukuzwa kazi. Nilimpa neno langu.

Wameandika kwamba asiyejieleza wanaweza kupendekeza asipewe nafasi katika gazeti lolote lililokubali kamati. Magazeti yaliyokubali ni karibu yote. Na Gati ndiyo hivyo, funguo kwa karani. Mtoto anakuja Agosti. Naogopa, kwa kweli naogopa.

Pazi tunaonana. Bado ananiita mtani, bado ananitania kuhusu ng'ombe. Ila siku hizi akinitania anatazama saa.

Mwanao,
Nkwabi


Magomeni
25 Julai 1993

Baba yangu,

Marahaba, na pole na kunguni wa Chenge. Najua ulipita karibu na mtaa wangu ukaenda moja kwa moja stesheni, na najua ni kwa sababu nilikukataza. Nilikuwa nimepika. Nilikula peke yangu, nikachukia kanuni zote duniani, zikiwemo nilizoandika kwa mkono wangu.

Sasa uamuzi umetoka na umechapwa, kwa hiyo mdomo wangu umefunguliwa. Wewe ulikuwa ndani. Acha nikueleze ya nje.

Nilikuja kukaa tu kwenye benchi la nje ya ukumbi. Sikuweza kukaa nyumbani. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja aliyevaa kanga, ameshika karanga kwenye kitambaa, ameshamaliza kusema yake ndani. Akaniuliza mimi ni nani.

"Mimi ni shangazi wa muuaji," nikasema.

Alinitazama, kisha akacheka hadi karanga zikamwagika. "Msukuma! Nilijua tu. Mwili wote huo na hujakaa sawa kwenye benchi." Nikamwambia kwamba kwao watu ni wembamba kwa sababu kazi yenyewe ni kungoja nazi. Tukaokota karanga tukala. Ndiye Bi Mwanaidi mwenyewe, nami nilimpenda.

Mlango haukufungwa vizuri. Tulikusikia ukiomba radhi, na uliomba vizuri. Kisha tukamsikia mwenyekiti akikuuliza kwa nini. Hukujibu. Akauliza tena. Bi Mwanaidi akaniuliza, "Mbona kijana wako amekuwa bubu?"

Hapo ndipo Pazi alipotufikia na begi begani, moja kwa moja kutoka kwenye treni. Tangu "kifo" chake mama yake hakuwa amemwona, kumbe alikuwa amenyimwa ruhusa kazini. Yule mama akasimama. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaubonyeza huku na huku kama mtu anayechagua papai. Kisha akampiga kofi.

"Ulicheka?"

"Mama, ni mtani. Ningefanyaje?"

Akaeleza kwamba amekuja kumsihi afute malalamiko, kwa kuwa mtani hashitakiwi. Bi Mwanaidi akasema, "Mimi sikumshitaki mtani. Nimemshitaki aliyeniandikia kwamba mwanangu amekufa. Nijibu wewe. Ofisi nzima ya maji, na wakubwa wote wale, kwa nini alikuandika wewe?"

Pazi akatazama sakafu. Halafu akasema yote, nami nipo. Kwamba ni yeye aliyekuambia pampu ya ziwani imekufa na wakubwa wake hawataki kuagiza kifaa chake, huku mabomba mapya yakizidi kununuliwa kutoka kwa Bwana Shiraz, na yamelala uani maana hayana maji ya kupitisha. Kwamba ulimwahidi ukurasa wa kwanza. Kwamba Jumamosi alifungua gazeti kutafuta pampu, akakutana na maiti yake. "Nilicheka, mama, kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

"Na huyo aliyemo ndani ananyamaza kwa ajili yako?"

"Ndiyo."

"Basi ingia ukaseme."

"Nitafukuzwa kazi."

Bi Mwanaidi akajifunga kanga upya. "Mimi nimeshakulilia ukiwa umekufa. Kukulilia ukiwa huna kazi ni jambo dogo."

Akamsukuma mlangoni. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Uamuzi nimeusoma na naukubali: Gati ichape masahihisho ukurasa uleule, na picha ileile, kwa ukubwa uleule; ichape na habari ya pampu; nawe upewe karipio la wazi. Hawakukunyima kalamu. Nikiwa shangazi yako nina karipio langu. Siku ile nilijivunia kimya chako na nikaikasirikia kalamu yako, vyote kwa pamoja. Mtu alikuletea ukweli. Bosi wako alipouzima, ukaona usikose kicheko, ukamchukua yuleyule aliyekuamini, kwa sababu ulijua ndiye pekee asiyeruhusiwa kukasirika. Ulimlinda mbele ya kamati. Mbele ya mji hukumlinda.

Basi, nimesema, nimemaliza. Tuma sangara. Sasa naweza kumla.

Shangazi yako anayekupenda,
Dorotea


Igogo, Mwanza
19 Septemba 1993

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni msichana! Alizaliwa mwezi uliopita, mweusi, mnene, mwenye sauti ya mnadani. Tumemwita Dorotea, kwa hiyo tangu sasa ukinikaripia nami nina wa kumkaripia. Odeta ni mzima, amesamehe samaki wote na wageni karibu wote. Mzee Machibya alikuja na jirani yake, wakamtazama mtoto, wakakubaliana kwamba hafanani na yule mtu wa tatu. Sangara yuko kwa Venant, wa mwezi huu na wa ile miezi ya kesi.

Barua yako niliisoma mara moja. Sijaweza kuirudia. Ulichosema ni kweli, na sina cha kuongeza.

Niliporudi nilikuta meza yangu imejaa makopo ya rangi. Nikasimama hapo nisijue niyashike au niage. Bwana Shiraz akaingia na magazeti ya Dar kwapani, yote yameandika uamuzi, pampu, mabomba na jina lake.

"Wateja wananisomea habari zangu kaunta," akasema. "Mji wote unajua, gazeti langu tu ndilo halijui. Nitaonekana mjinga." Akaondoa kopo moja. "Andika. Na uandike hapo juu kabisa kwamba mwenye gazeti hili ndiye anayeiuzia ofisi ya maji mabomba. Wasije wakasema tena nilificha." Kisha akaniachia makopo mengine niyaondoe mwenyewe.

Tulichapa. Masahihisho yalikaa ukurasa wa tatu na mstari mweusi: "Bwana Pazi ni mzima, na hajawahi kufa." Watu walicheka tena, lakini safari hii walisoma na ukurasa wa kwanza. Wakaguzi wakaja. Kifaa cha pampu kikapatikana kwa haraka ya ajabu. Jumanne moja bomba la Igogo likakohoa, likatema kutu, likatoa maji, na Odeta akafua kila kitu hadi nilichovaa.

Kwa hiyo mji una maji. Bwana Shiraz ana gazeti lake na bado anauza mabomba. Mimi nina kazi yangu. Pazi hawakumfukuza, wasingethubutu wakati ule. Wamemhamisha, "kwa manufaa ya kazi," kwenda wilaya moja ya kusini ambako hata ofisi yenyewe haijajengwa.

Nilikwenda stesheni kumuaga. Nilijiandaa kwa matusi ya mwisho; nilikuwa na langu zuri kuhusu nazi. Alikuwa dirishani, begi miguuni. Nikashindwa. Nikamwambia, "Mtani, nisamehe."

Akatikisa kichwa. "Mtani hakosi. Asiyekosa utamsamehe nini?"

"Nilikosa. Unajua nilikosa."

Aliangalia watu wakipakia vifurushi. Kisha akanyoosha mkono nje ya dirisha, akanipa mkono kama watu wanavyopeana ofisini. "Basi nimekusamehe, Bwana Nkwabi."

Hajawahi kuniita hivyo. Miaka yote hii sikujua hata kama analijua jina langu. Treni ikaanza kwenda, nikatembea nayo hadi mwisho wa jukwaa. Nilimpungia, naye akanipungia kwa adabu. Shangazi, nilitamani anitukane hata kidogo.

Mwanao,
Nkwabi